Chupa ya Dirishani kwa Vivianne

Wilkister alijua sosi ilikokuwa ikienda, akanyamaza.

Sosi yenyewe ilikuwa kazi ya Vivianne, mke wa mwanawe Mugeni, aliyeolewa hapo Matayos baada ya mavuno. Vivianne alikuwa amepika katika hoteli moja ya Malaba, na huko alijifunza kwamba kabichi mbichi haiendi mezani uchi. Alichanganya mafuta ya alizeti na siki, mafuta yakiizidi siki mara tatu, akatia kitunguu saumu, dania na pilipili, akatikisa vyote katika chupa ya soda. Safari nyingine alitumia limau badala ya siki, au ukwaju. Chupa aliiweka dirishani mwa nyumba yake, ikatulia: mafuta juu, majani chini.

"Majani mabichi ni ya mbuzi," mzee Methuselah, mumewe Wilkister, alisema kila aliposikia habari ya saladi. Neno hilo alilisema hewani, ili limfikie mkwewe bila yeye kumwambia. Kwa desturi yao baba mkwe na mke wa mwana hawazoeani. Hawali pamoja, wala mzee hakanyagi nyumba ya mwanawe.

Na kweli hakukanyaga. Kila asubuhi Wilkister, akifagia uani, alimwona akinyata hadi dirisha lile, akipenyeza mkono, akitikisa chupa na kupiga funda, kisha akiirudisha kwa uso wa mtu aliyetimiza wajibu. Wilkister alielewa. Mzee alikuwa akinunua dawa ya kikohozi kwa mwuza mitishamba sokoni Busia, nayo ilitiwa katika chupa kama hiyo, mafuta juu, majani chini. Ilipokwisha, akaona nyingine inamngoja kwa mwanawe. Bila shaka, alijiambia mzee, Mugeni ameinunua, akaona haya kuikabidhi.

Wilkister angemwambia, ila kikohozi kilikuwa kimepungua, na mwanamke aliyelala miaka mingi kando ya kikohozi hana haraka na ukweli.

Shida ilikuwa Jumapili. Shangazi Leonida, dada mkubwa wa mzee, alikuwa anakuja kutoka Khunyangu kuonja mkono wa Vivianne. Akiridhika, msichana angepewa mafiga yake, awashe moto wake mwenyewe. Asiporidhika, angeendelea kupika jikoni kwa mama mkwe kama mgeni asiyeondoka. Vivianne alikuwa ameshachagua pembe ya kuyaweka mafiga hayo, na aliifagia kila siku ingawa haikuwa na kitu.

Jumapili ikafika. Leonida alikula kuku, akakubali. Alikula ugali, akakubali. Kisha akaona bakuli la kabichi, karoti na parachichi.

"Mama Mugeni," akaita, "mbuzi wako watakula nini leo? Naona chakula chao kimeletwa huku."

Mzee, aliyeketi peke yake barazani, akapiga paja akicheka. "Si nilisema mimi!"

Vivianne akaenda kuchukua sosi. Alirudi polepole, na chupa mkononi ilikuwa tupu.

"Iko wapi hiyo sosi inayosifiwa?"

Vivianne akainamisha kichwa. "Nisamehe, shangazi. Nilisahau kutengeneza."

"Ulisahau! Siku ya kuonjwa! Mafiga nayo si utayasahau mvuani?"

Barazani kicheko kilikatika. Wilkister alikuwa amefungua mdomo, lakini mzee alimtangulia.

"Dada, mwache mtoto. Hiyo dawa nimeimaliza mimi asubuhi."

"Dawa gani?"

"Ya kifua. Mugeni aliniwekea hapo kwa dirisha."

"Mimi sijanunua dawa, baba," Mugeni akasema.

Leonida akageuka polepole. "Methuselah. Uliingia nyumba ya mwanao?"

"Mguu haukuingia! Ni mkono tu."

Leonida alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Ndugu yangu! Kumbe mbuzi ni wewe!"

"Hata mimi nilishangaa," mzee akanung'unika. "Siku ya kwanza iliniunguza kwa pilipili. Halafu ikaanza kuwa laini, ina asali."

Hapo Wilkister akamtazama mkwewe, na Vivianne akatazama chini. Basi si Wilkister peke yake aliyenyamaza. Mtoto huyu alikuwa amemwona mzee, akatoa pilipili, akapunguza siki, akaongeza asali kwa ajili ya koo lisilomsemesha. Na leo alikuwa tayari kukosa mafiga kuliko kumwaibisha.

"Tengeneza nyingine, nione," Leonida akaamuru.

Vivianne akakamua limau, akatikisa chupa. Leonida alijaza sahani mara mbili, akieleza kwamba hata yeye kifua chake si kizuri sana. Kabla jua halijazama, mafiga yalikuwa katika ile pembe iliyofagiwa.

Mzee hakubadili msimamo. Majani mabichi ni ya mbuzi.

Asubuhi Wilkister alikuta chupa ndogo kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa nje, ambako hata mkono hauna haja ya kuingia. Kifuniko kilikuwa kimelegezwa. Kando yake palikuwa na kijiko.

Akaendelea kufagia.