Aliyekiweka Mvunguni

Meza za kupigia pasi pale kiwandani zilikuwa fupi, zinaishia mapajani. Juu ukutani bosi alitundika kibao: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Shangazi, kama wenzake walivyomwita, aliinama chini ya kibao hicho hadi mgongo ukagoma kunyooka. Vidole vilimfa ganzi, kichwa kikawa hakimpi raha. Bintiye alipiga pasi meza ya jirani, lakini uso wake Shangazi aliujua kwa kumbukumbu tu.

Siku ya mapumziko, binti alimpeleka kwa mnyoosha migongo. Mzee huyo alipapasa pingili za uti moja moja.

"Hizi za shingo zimehama, mama. Zinabana mishipa ya fahamu. Vidole havina kosa, vinaleta habari tu."

Akamlaza kifudifudi, akabonyeza. Ko! Shangazi akasimama wima, akamtazama bintiye.

"Kumbe ulitoboa pua."

"Zamani, mama."

Wakati huohuo paa la kiwanda lilishuka hadi usawa wa kifua. Mlinzi alitoka kwa kutambaa, chai yake mkononi.

Bosi alifika Shangazi hajamaliza kufunga vifungo. Hakushangaa. Wakati wa kujenga alibana matumizi, akairuka nguzo ya kati, na tangu hapo alijua kuwa paa lake limeegemea mgongo wa mtu. Alijua! Miaka yote hiyo alijua, na bado akawatundikia watu methali.

"Mrudishe alivyokuwa," alimwambia mzee.

"Mimi nanyoosha, sipindi."

"Basi tutatumia wa binti. Bado mbichi."

Binti akaanza kuvua kandambili zake. Shangazi akamzuia kwa mkono, akamgeukia bosi.

"Bosi, na aliyekiweka mvunguni ni nani?"

Bosi alitazama saa yake.

Shangazi alimshika bintiye kidevu, akamtazama kama mtu anayekariri somo. Kisha akainama, taratibu, pingili moja baada ya nyingine. Paa likapanda, na kesho yake pasi zikawashwa kama kawaida.

Nguzo haikununuliwa. Ila bosi, asije akaambiwa hana utu, aliagiza kibao kiteremshwe, ili Shangazi aweze kukisoma bila kuinua shingo.