Mzee Mwaga na Pembe ya Muratina

Hakuna mtu Othaya anayemwita Gatimu kwa jina lake. Mwenye duka la dawa humwita Mzee Mwaga, na pasta naye, akijisahau, humwita hivyo hivyo mbele ya waumini. Lawama zote ni za televisheni. Gatimu ameonekana humo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alianza kwa kuwa maiti, wakamgombeza kwamba anapumua sana. Akapanda cheo akawa mlinzi wa geti, baadaye chifu mla rushwa, baadaye mganga wa uongo. Kuwa stelingi? Hata siku moja. Stelingi ni vijana wenye mashavu laini. Yeye alikuwa yule mtu ambaye ukimwona unasema, "Ai, huyu tena," halafu unasogeza kiti karibu.

Kilichompa jina ni ule ubaba mkali. Katika kipindi kimoja cha Jumapili jioni, wageni walikuja kumposa binti yake, naye akapewa pembe ya muratina, ile pombe ya asali ambayo baba akishainywa, basi binti amepata mume. Gatimu akaitazama pembe, akawatazama wageni, akaimwaga yote chini. Nchi nzima ilipiga kelele. Tangu siku hiyo, mtengeneza vipindi yeyote akitaka baba wa kukataa mkwe anapiga simu Othaya. Amewamwagia madaktari, amewamwagia mapolisi, amemmwagia hata mtoto wa mbunge. Wacha tu, pombe aliyoimwaga mtu huyo ingetosha harusi za tarafa nzima.

Na nyumbani je? Nyumbani hana ukali wa kufukuza kuku. Mkewe Wakiuru ndiye aliyewachapa watoto, na Gatimu ndiye aliyewapelekea mandazi kisiri baada ya kuchapwa. Kitinda mimba wao, Kagure, alipompata kijana wa Mwea aitwaye Gathogo, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, alimwambia baba kabla ya kumwambia mama. Gatimu alifurahi mpaka usingizi ukamkimbia.

Lakini usingizi ulikuwa umemkimbia kwa sababu nyingine pia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Kilianza kidole, kikafuata kiganja, mwishowe mkono mzima ukawa na maisha yake. Daktari mmoja mjini Nyeri alimwambia bila kuzunguka kwamba huo ni ugonjwa wa neva, na kwamba dawa zitaupunguza lakini hazitauondoa. Wa kuijua siri hiyo alikuwa Wakiuru peke yake, maana yeye ndiye aliyemfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Gatimu alimwapisha asimwambie mtu, hata Kagure. Aliijua kazi yake. Mwigizaji akisikika anaumwa, simu inanyamaza. Na bila simu zile angebaki kuwa nani? Mzee wa kuchuma chai kama wengine. Kuchuma chai si aibu, nani amesema ni aibu? Lakini mtu aliyezoea kuwa watu wengi, ukimwambia awe mmoja tu, umemnyima hewa.

Wakiuru hakuchoka kumkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Yeye alijibu kila mara kwamba atasema baada ya ruracio, wageni wakishaleta mahari na binti akishatulia. Kwa nini amharibie mtoto furaha? Hata hivyo alijua kwamba siku hiyo angepewa pembe ya kweli, aimalize mbele ya wote. Alimwomba ndugu yake Kingori, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya nyumba, aijaze nusu tu. Kingori alicheka, akasema nyumba yao haijafika mahali pa kupima asali kwa matone.

Siku ikafika. Wageni walikuja na lori la mchele na mbuzi, wakaingia kwa adabu ya watu wanaopita karibu na mbwa asiyefungwa. Shangazi wa kijana, Wachuka, hakumwondolea Gatimu macho. Baba wa kijana, Mzee Ngatia, mtu mfupi mwenye viganja vilivyokomazwa na mashamba ya mpunga, alikuwa ameambiwa na ukoo mzima kwamba huyo mzee wa televisheni atawaaibisha. Alikuja hivyo hivyo, kwa kuwa mwanawe alimwomba.

Mazungumzo yalienda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Gatimu alikaa kimya, kwa kuwa baba wa binti haongei siku hiyo. Hatimaye Kagure aliitwa, akaulizwa kama muratina hii inywewe. Akasema inywewe. Akaonja kidogo, akapiga magoti, akampa baba yake pembe iliyojaa hadi ukingoni.

Simu ziliinuliwa juu. Gatimu alipokea kwa mikono miwili, wa kushoto ukiubana ule wa kulia, akaipandisha pembe polepole kuelekea mdomoni. Haikufika. Matone yalianza kuanguka kwenye viatu, halafu mkono ukaruka, pembe ikamponyoka, na muratina yote ikanywewa na nyasi.

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza. Wachuka alisema kwamba si aliwaambia. Mzee Ngatia alivaa kofia yake na kuinuka, na watu wa Mwea wakainuka nyuma yake. Gathogo alibaki amesimama katikati, mdomo wazi. Kagure alikuwa bado amepiga magoti, akimwangalia baba yake kama mtu aliyechapwa kofi na asiyejua kosa lake.

Sasa angefanya nini? Akisema ni mzaha, italetwa pembe nyingine, nayo itaanguka. Akinyamaza, wageni wamekwenda, na binti amebaki na aibu isiyo yake. Akisema kweli, simu zote zile zinamsikiliza, na kufikia jioni Nairobi nzima itajua. Haki, alifikiri kwa muda mfupi kuliko huu niliotumia mimi kusimulia. Akasimama.

"Ketini," alisema. "Sijakataa. Mkono wangu ni mgonjwa. Umekuwa mgonjwa mwaka huu wote, na mimi nimeficha."

Akauinua ili wote wauone, unatetemeka kama jani.

Wakampigia makofi.

Ndiyo, makofi! Vijana wa nyuma walipiga miluzi, mwingine akasema mzee huyu hajawahi kuigiza vizuri hivi. Inauma, wewe. Mtu aliyeifanya nchi iamini uongo kwa miaka mingi ametamka ukweli mmoja tu, na hakuna wa kumwamini. Gatimu aliketi, akauficha mkono katikati ya magoti.

Kagure hakupiga makofi. Huyu amekua akimwona baba yake akijizoeza mbele ya kioo cha kabati. Anajua kwamba akiigiza hukukazia macho mpaka unaogopa, na akisema kweli huangalia viatu vyake. Na maneno yale yote aliyasema akiangalia viatu. Alisogea kwa magoti, akautoa mkono mafichoni, akaushika kwa mikono yake miwili. Mtetemo ulimpanda hadi mabegani, na akaanza kulia. Makofi yakafifia, safu baada ya safu, mpaka zikabaki kelele za mbuzi tu.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeahirisha."

"Ningeahirisha, ndiyo."

"Ndiyo maana."

Mzee Ngatia alikuwa amefika getini. Alirudi, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya Gatimu, na akamwomba ruhusa aushike mkono. Aliushika, kisha akamgeukia Kingori.

"Leta ingine," alisema. "Na ujaze. Mimi nimebeba magunia ya mpunga tangu nikiwa kijana, hii pembe haiwezi kunishinda."

Ikaletwa. Ngatia akaweka kiganja chake kigumu chini ya pembe, Kagure akaushikilia ukingo, na Gatimu akaweka mkono wake katikati ya mikono yao. Akanywa. Nyingine iliingia mdomoni, nyingine ikateremka kwenye tai, nyingine ikamlowesha Ngatia mpaka kwenye kiwiko, lakini hakuiacha mpaka ikaisha. Wakiuru alikuwa amejiziba uso kwa leso.

Wachuka si mtu wa kushawishika upesi. Aliuliza kwa sauti ya wote kusikia kama sasa mzee amekubali ama amemwaga. Kingori alifungua mdomo ajibu, ndiyo ilikuwa kazi yake. Gatimu akamzuia. Aliuinua ule mkono wa kulia mbele ya simu zote, akauacha utetemeke utakavyo.

"Nimekubali," alisema. "Hata kama hii imemwagika, nimekubali."