Skrini kwenye Pikapu ya Baba

Ndugu yangu Thrasos ni mtu wa kusoma maelekezo baada ya kuharibu. Jumamosi ile alikuja na boksi kwapani, akaliweka juu ya boneti ya pikapu ya marehemu baba, akaniambia, "Dada Garifalia, leo gari lako linaingia karne hii."

Ndani ya boksi kulikuwa na skrini bapa, ukubwa wa ubao wa kukatia vitunguu. Unaibandika kwenye dashibodi, inaungana na simu, ramani inatokea, na ukipigiwa inapokea yenyewe. Mimi sikuitaka. Nimeuza mboga vijijini na pikapu ile miaka minne, baba aliuza thelathini kabla yangu, na hakuna kati yetu aliyewahi kupotea. Lakini Thrasos ndiye anayelima, mimi ndiye ninayeuza, na mwenzangu alikuwa na lake moyoni.

"Wenye hoteli za pwani wakiagiza mboga wanatuma ramani," akasema. "Na mimi nitakuwa naona gari liko wapi. Nijue kama bado unapanda Karidovrisi."

Hapo ndipo penyewe. Karidovrisi iko juu mlimani, kona arobaini na mbili, na wamebaki wazee sita tu. Wengine walishakwenda Athene au makaburini. Thrasos alitaka nikiache kijiji kile, eti kinakula mafuta bure. Nisipopanda mimi Alhamisi hakuna mwingine anayepanda, sasa wale wazee wale nini? Kwa hiyo nilikuwa namdanganya kwamba kipo njiani. Hakipo njiani kwenda popote.

Tukaanza kufunga. Tundu la kuwashia sigara lilikufa tangu enzi za baba, umeme hakuna. Thrasos akavuta waya kutoka kwenye fyuzi ya waipa. Skrini ikawaka, na waipa nazo zikaanza kufuta kioo kikavu katika jua la Agosti. Akahamisha waya, waipa zikatulia, taa za breki zikagoma. Kibandiko kilishika dakika tano, kikaachia kwa sababu dashibodi imepasukapasuka, na skrini ikaniangukia mguuni. Wanaume watatu wa mtaani walikuja na kahawa zao kutazama, kila mmoja na ushauri wake, na hakuna hata mmoja aliyeshika bisibisi.

"Nani alifunga nyaya hizi?" Thrasos akauliza, kichwa kikiwa chini ya usukani. "Huyu fundi alikuwa amelewa."

"Ni wewe," nikamwambia. "Ulipofunga king'ora."

Ikabaki sauti. Pikapu haina redio, ina amplifaya tu iliyounganishwa na kipaza sauti cha juu ya paa, kile ninachotangazia nyanya na bamia. Thrasos akachomeka waya wa sauti wa skrini humohumo. Tukajaribu, na mwanamke wa ramani akasema maneno yake taratibu kupitia kispika kidogo cha skrini yenyewe. Amplifaya ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyefikiria kuiwasha, na mimi nikiwemo.

Alhamisi nikapanda. Njia nzima yule mwanamke ananiambia nigeuze nirudi nilikotoka. Mara tatu skrini ilizimika kwenye kona, ikawaka tena, ikanikaribisha upya kwa muziki. Nilifika kwenye uwanja wa kijiji matusi yote yameniishia.

Nikawasha amplifaya, nikaita. Wakatoka wote sita na vikapu vyao kama kila wiki. Bibi Vasilo alikuwa mbele, miaka themanini na minane, na gauni lake jeusi.

"Umechelewa, mwanangu. Umepata mchumba njiani?"

"Nimepata mwanamke wa ndani ya skrini," nikasema, "na ni mgomvi kuliko wewe."

Wakacheka. Nilikuwa nampimia nyanya simu ilipoita, na skrini ikaipokea.

"Dada, nakuona ulipo." Sauti ya Thrasos ilitoka juu ya paa, ikagonga ukuta wa kanisa, ikarudi. "Umepanda tena kwa wale maiti. Unangoja nini? Waache wafe, na sisi tupumzike."

Nikarukia ndani ya gari. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: nabonyeza skrini, haisikii, vidole vimelowa maji ya nyanya. "Wenyewe wanasubiri jeneza, wewe unawapelekea biringanya," akaendelea ndugu yangu, na mlima mzima unamsikiliza. Nikazishika nyaya zote kwa mkono mmoja nikazing'oa.

Nilipotoka sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikasema samahani, nikasema ndugu yangu ni mjinga, nikasema sijui nini. Bibi Vasilo akapokea nyanya zake, akalipa, akasema asante mwanangu. Na wengine wakalipa, wakaenda zao. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Heri wangenitukana.

Nyumbani nilimfokea Thrasos mpaka sauti ikakauka.

"Mimi ningejuaje kama inasikika nje?" akasema.

"Nani aliunganisha nyaya, mimi?"

Baadaye akasema atapanda mwenyewe kuomba radhi. Nikamwambia asithubutu kukanyaga kule.

Alhamisi iliyofuata nilipanda bila skrini. Nikaita. Hakuna mlango uliofunguka. Nikaita tena, nikawataja kwa majina, mmoja mmoja. Moshi unatoka kwenye dohani, kwa hiyo wapo. Nikakaa pale saa nzima, nimemkasirikia Thrasos, halafu nikawakasirikia wao, halafu nikajikasirikia mwenyewe. Miaka minne ya kona arobaini na mbili, sentensi chache za mpumbavu zimeifuta. Nikawaza kwamba wamo ndani bila hata kitunguu, wanaona aibu kutoka. Nikajaza kreti ya nyanya, nikaibeba hadi kwa Bibi Vasilo. Nikabisha, kimya, ila nilisikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba. Nikazunguka.

Sikuwahi kufika nyuma ya nyumba za Karidovrisi. Biashara yangu ilikuwa uwanjani. Huko nyuma kulikuwa na nyanya matuta kumi, zimefungwa kwenye vijiti, nyekundu, kubwa kuliko zetu. Kulikuwa na bamia, maharage na maboga. Ng'ambo ya ukuta ilikuwa bustani ya jirani, na ng'ambo yake nyingine, vilevile. Bibi Vasilo alikuwa ameinama anapalilia.

"Tua hiyo kreti, utaumia mgongo," akasema bila kugeuka.

"Bibi, nyinyi mna nyanya."

"Tunazo tangu sijaolewa."

"Sasa mlikuwa mnanunua zangu za nini?"

Akainuka taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni. "Baba yako Sarandis, huku kwetu alikuwa anatuletea malimau, samaki wa chumvi, sabuni. Alipofariki ukaja wewe, macho yamevimba, gari limejaa nyanya. Nani angekuambia hatuzihitaji? Tukakubaliana palepale kwamba binti wa Sarandis asishuke mlima na mzigo wake. Tukasema akipoa atatuuliza tunataka nini." Akanitazama. "Hukuuliza."

Nikaitua kreti chini.

"Alhamisi ile kijana alisema kweli, tunakuchosha. Ndiyo maana leo hatukutoka. Tumeona tukuachilie upumzike."

"Na nyanya zangu?" nikasema kwa hasira, sijui hasira ya nani. "Kilo zote zile, miaka yote hii?"

Bibi Vasilo aligeuza uso kuelekea bandani. Kulikuwa na kuku kumi na wawili, wamenona hadi hawawezi kukimbia.

"Tulijitahidi, mwanangu," akasema. "Zilizotushinda, wamekula hao."

Nikaketi juu ya kreti yangu. Nyanya zikapasuka chini yangu, na sikuinuka.