Mlango wa Nne

Gari langu lilikuja na bafle nne, moja katika kila mlango. Bafle ndivyo tunavyoita spika huku Kasongo. Kufikia kiangazi hiki tatu zilikuwa zimekufa, na ile moja iliyobaki ilikoroma kama mgonjwa wa mafua. Abiria walinicheka. "Baba Chadia, hii redio inapiga muziki ao inakaanga samaki?" Nikachoka kuchekwa.

Muhindo ndiye aliyeniletea mpya kutoka Bukavu: bafle nne kubwa, na redio inayoshika simu bila waya. Muhindo ni mtu wa Butembo. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji wa upande wa Wamaza, na kila barabara ikikauka mimi ndiye ninayempeleka. Hakuna kati yetu aliyewahi kufungua mlango wa gari. Tulidhani ni kazi ya bisibisi tu.

Tuliifanya Ijumaa moja, uani kwangu. Kwenye mlango wa kwanza nilivunja vishikizo sita vya plastiki kabla sijaelewa kwamba kifuniko cha ndani hakivutwi kwa nguvu, kinabanduliwa taratibu. Bisibisi iliteleza ikachorachora plastiki yote. Bafle mpya ilikuwa na sumaku nene kuliko ile ya kiwandani, lakini iliingia, nikakaza. Nilipowasha muziki, bati la mlango likatetemeka kama debe.

"Iko mutupu ndani, yaya," Muhindo alisema; ndivyo alivyokuwa akiniita, yaani kaka mkubwa. "Ingiza kitu laini, itanyamaza."

Niliingia chumbani, nikapapasa chini ya kitanda, nikatoa blanketi jipya lililokuwa bado katika plastiki yake. Nikalikata vipande vinne. Kipande kimoja mlango mmoja. Kweli, bati lilinyamaza. Nilimaliza milango mitatu hivyo, kisha adhana ikalia, nikanawa, nikaenda msikitini. Mlango wa nne, wa nyuma kushoto, nilimwachia Muhindo.

Niliporudi alikuwa ameshaufunga. Nao haukutetemeka. Lakini kipande cha nne cha blanketi kilikuwa bado juu ya mkeka. Nilikiona, sikuuliza. Nilikitupa chini ya kitanda.

Jumatatu tulitoka alfajiri, vioo juu kwa sababu ya vumbi. Mimi usukanini, Muhindo kando yangu, muziki umejaa gari zima mpaka unausikia kifuani. Muhindo alikuwa anapiga magoti kama ngoma. "Yaya Iliasi, sasa uko na gari!" Kwa saa tatu nilijiona mtu mkubwa.

Kwenye kilima kabla ya Wamaza tukakuta gogo limelazwa barabarani. Wiki iliyopita halikuwepo. Wanaume saba, nusu wana sare, nusu wana nguo za nyumbani, wote wana bunduki. Ni wa nani, sikuuliza. Huku swali hilo haliulizwi. Walikaa pale juu kwa sababu pale ndipo simu zinaposhika mtandao.

"Zima muziki. Shusha kioo!"

Kila dereva wa njia hii anajua: kwenye kizuizi unashusha kioo chote mpaka chini, mikono unaweka usukanini. Ukishusha nusu, ni kama unaficha nusu. Nilizima muziki, nikazungusha mkono wa kioo. Kikashuka nusu kikasimama. Nikakaza. Ndani ya mlango kitu kikagonga: ka! Hapo ndipo nilipoelewa. Sumaku. Ijumaa yote nilijaribu muziki, kioo sikukijaribu hata mara moja.

"Nimesema shusha yote."

"Imekwama, chef."

Aliyeniamuru alikuwa mkubwa wao, wenzake walimwita Komanda. Mtu mfupi, sauti ya chini. Aliingiza mkono kwenye nafasi ya kioo, akajizungushia mwenyewe. Ka! Ka!

"Iko nini ndani?"

"Ni bafle. Nimeweka bafle kubwa, sumaku yake inazuia kioo."

Alizunguka gari polepole, akifungua kila mlango. Alipitisha kidole juu ya ile mikwaruzo ya bisibisi, mlango mmoja baada ya mwingine.

"Huu mulango ulifunguliwa juzi. Huu pia. Na huu." Akarudi kwangu. "Wale wa ng'ambo ya mto wanapata risasi kila wiki. Kila siku tunajiuliza, zinapita wapi?"

"Komanda, wallahi..."

Simu ikaita. Haikuita mfukoni mwangu. Iliita katika milango yote minne, kubwa kama kengele ya shule. Nilikuwa nimezima muziki, redio yenyewe sikuizima. Jina la mke wangu likatokea kwenye kioo kidogo cha redio: Mwamvita.

"Jibu," Komanda alisema.

Nikabonyeza.

"Baba Chadia! Uko wapi?"

"Niko njiani, mama Chadia, nitakupigia..."

"Usinikate! Ule muzigo uliingiza mu milango ya gari, nimejua. Unafikiri miye mujinga? Kipande kimoja umekisahau hapa chini ya kitanda, ninakishika kwa mukono."

Komanda aliegemea mlango asikie vizuri.

"Muzigo haukuwa wako ule," Mwamvita aliendelea, na sauti yake ilitoka mbele na nyuma, kushoto na kulia. "Wenyewe wanaungoja. Siku kumi tu zimebaki. Nitawaambia nini, mimi? Waseme sisi ni wezi?"

Sasa nilijua lile blanketi lilikuwa la nini. Mtoto wetu Yakubu anaoa. Blanketi lilikuwa la mama mkwe wake, ndani ya mahari. Na kwa ukoo wa Mwamvita kitu cha mahari hakitajwi jina kabla hakijafika mikononi mwa wenyewe. Ukikitaja, wanasema, ndoa inageukia njiani. Ni "ule mzigo", ni "kile kitu", basi. Hata kama anakufokea, hawezi kutamka.

"Mwamvita, sema ni blanketi!" nilipiga kelele. "Sema!"

"Ee! Na jina unataja? Na barabarani? Umerogwa?"

Komanda aliniwekea kidole mdomoni. Kilinuka tumbaku. Akainamia kioo kile cha nusu, akasema kwa upole kabisa, "Mama, jambo. Miye ni rafiki ya bwana yako. Huo muzigo ni nini?"

"Rafiki gani? Ndiye weye ulimusaidia kukata?"

"Ndiyo, mama. Nilimusaidia."

"Basi na wewe huna haya! Uliushika na mikono yako, halafu unaniuliza nini? Vitu vya namna ile havisemwi kwa simu." Akakata.

Hakuna aliyecheka. Upepo ulikuwa unapiga majani ya mtaro. Komanda alifungua mlango wangu mwenyewe.

"Shuka. Leta bisibisi."

Muhindo walimpigisha magoti kando ya mtaro, mikono kichwani, mtu mmoja nyuma yake na bunduki. Mimi walinisimamisha kwenye mlango wa dereva. Bisibisi haikutaka kuingia kwenye skrubu. Ilicheza kushoto, ikacheza kulia, na kadiri ilivyocheza ndivyo yule aliyesimama mgongoni kwangu alivyosogea. Nilikojoa. Ilishuka moto mpaka ndani ya kiatu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nyuma yangu nilimsikia Muhindo anasema na mlinzi wake. "Kubwa, yaya Iliasi ni mutu wa kusali. Miaka mine ninatembea naye. Hana mambo ya risasi huyu."

"Funga kinywa."

Kifuniko kikatoka. Komanda alivuta kile kilichokuwa ndani: blanketi, jekundu lenye maua meupe. Alilikunjua, akalipapasa, akalichana kwa kisu kutafuta kilichofungwa ndani. Hakuna.

"Mulango wa pili."

Blanketi. Hakuna kitu.

"Watatu."

Nilipokuwa nafungua wa tatu akili yangu ilishafika kwenye wa nne. Kipande cha blanketi kilibaki juu ya mkeka. Mlango haukutetemeka. Kama hakuingiza blanketi, Muhindo aliingiza nini? Mtu wa dhahabu, anayepita kila kizuizi, amepewa mlango mtupu na saa nzima peke yake. Nani asingeutumia? Na kama si dhahabu, kama ni kile kile wanachokitafuta hawa? Nilijiona nimelala kifudifudi mtaroni kwa ajili ya kitu nisichokijua. Niliona Mwamvita anaambiwa. Nilifikiri hivyo kwa haraka, lakini nilifikiri mpaka mwisho, sitasema kwamba sikujua nilichofanya.

Kwenye wa tatu pia, blanketi tu. Komanda akaelekeza kidevu kwenye mlango wa nyuma kushoto. Hakuna aliyeniuliza kitu.

"Huo si mimi," nilisema. "Huo alifunga yeye. Peke yake. Mimi nilikuwa msikitini."

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Mlinzi alimsukuma Muhindo kwa kiatu mgongoni, uso wake ukaingia vumbini. Nilisikia bunduki inavutwa, ule mlio wa chuma mara mbili. Muhindo hakulia. Alisema tu, "Yaya?" Kama mtu anayeita ndani ya nyumba ambayo hajui kama ina watu.

"Fungua," Komanda aliniambia.

Skrubu za mlango ule zilikuwa zote mahali pake, zimekazwa sawasawa. Vishikizo vyote vizima. Nilibandua kifuniko na macho yangu nimeyafumba.

"Tazama," Komanda alisema.

Nikatazama. Bafle ilikuwa imekaa juu ya pete ya ubao, iliyokatwa kwa msumeno na kusuguliwa, ili sumaku isifike kwenye kioo. Kati ya pete na bati alikuwa ameweka mpira wa ndani wa baiskeli, umezungushwa vizuri, ndio uliozuia mtetemo. Nyaya zimefungwa kwa utepe. Chini, mlango ulikuwa mtupu. Komanda aliingiza mkono mpaka begani, akautoa na vumbi tu. Kisha akazungusha mkono wa kioo. Kikashuka laini mpaka mwisho, kikapotea ndani ya mlango.

Akakipandisha. Akakishusha tena. Hapo ndipo alipocheka, na wenzake wote wakacheka.

"Fundi ni huyu wa chini. Wewe, muzee, uko muharibifu tu." Akampigia mlinzi mluzi. "Mwache asimame."

Walichukua redio. Walichukua simu yangu, na vipande vitatu vya blanketi, maana kilimani usiku kuna baridi. Gogo wakaliburuta pembeni, wakarudi kukaa kwenye kivuli chao kana kwamba hatupo.

Muhindo alijifuta uso kwa kola ya shati. Kulikuwa na damu kidogo puani. Alikuja akachukua bisibisi mkononi mwangu, bila kunyang'anya, akarudisha kifuniko cha mlango wa nne. Skrubu moja, ya pili, ya tatu. Mimi nilisimama na suruali yangu imelowa.

"Muhindo. Niliogopa."

"Ndiyo, yaya. Nilisikia."

"Ile blanketi ulibakisha kwenye mkeka, nikafikiri..."

"Ulifikiri nini?"

Niliinama kuokota vishikizo vilivyoanguka. Muhindo akaweka bisibisi juu ya kiti, akatoa mfuko wake nyuma.

"Panda, twende," nilimwambia. "Wamaza ni hapa tu."

"Endesha, Baba Chadia."

Miaka minne alikuwa ananiita yaya. Aliteremka kilima kwa miguu, mfuko begani. Baada ya dakika chache pikipiki ikaja kutoka upande wa Kasongo, akainyooshea mkono, ikasimama, akakaa nyuma ya dereva. Hakugeuka.

Niliwasha gari. Niliendesha polepole sana, ili nisije nikawafikia.