Pacha Alikufa Ukurasa wa Kumi na Nne

Kwenye chumba cha habari walimwita Shoka, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akihakiki michezo ya jukwaani na tamthilia za runinga, na hakuna aliyewahi kumwona akitoa zaidi ya nyota mbili kati ya tano. Waigizaji walihifadhi uhakiki wake kama watu wanavyohifadhi cheti cha chanjo: ushahidi kwamba walidungwa na hawakufa.

Mwezi uliopita shoka liliangukia nyumbani. Binti yake wa miaka kumi na sita aliigiza malkia katika mchezo wa shule. Mama mtu akaandika, kwenye gazeti linalosomwa na walimu wote, kwamba malkia "alitawala vizuri zaidi alipokuwa hayupo jukwaani". Tangu siku hiyo binti alimjibu kwa maneno matatu tu: ndiyo, hapana, sijui.

Ijumaa mhariri wa burudani akamwita.

"Dada, *Darasa la Radi* limefunga msimu wa tatu. Wale watoto wa shule wenye nguvu za ajabu. Nataka uhakiki wa sehemu ya mwisho, mezani kwangu Jumapili mchana."

"Sijawahi kuitazama hata sehemu moja."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Hutakuwa na upendeleo."

Kama kawaida yake, Shoka alianza kuandika kabla ya kutazama. Alishapata aya moja tamu kuhusu vijana wanaonyanyua daraja zima lakini hawanyanyui sahani walizolia chakula. Ila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alipowasha runinga, hakujua nani ni nani. Akaenda kugonga mlango wa binti yake, akamkuta kainamia madaftari ya hesabu.

"Mwanangu, huyu mwenye koti la bluu ni mwema au mbaya?"

"Msimu upi?"

Hayo yalikuwa maneno mawili mapya. Shoka akajikaza asionyeshe furaha.

"Wa tatu. Sehemu ya mwisho."

"Hiyo sitazami. Darasa zima tumekula kiapo, hakuna kutazama mpaka mtihani wa hesabu upite Alhamisi." Binti akaangalia daftari, akamwangalia mama yake. "Labda nikae tu pale, nikuelekeze. Macho nitafumba."

Dakika tano baadaye alikuwa ameukumbatia mto wa kochi, macho yametoka pima.

Kulikuwa na msichana shujaa mwenye uwezo wa kusimamisha muda, na bado alichelewa mtihani wa kemia. Kulikuwa na kijana aliyesoma mawazo ya mji mzima, isipokuwa ya huyo msichana aliyekaa naye dawati moja. Mwalimu mkuu alivua miwani, kumbe ndiye adui, na watu waliofundishwa naye miaka mitatu wakashindwa kumtambua. Mji ukawaka moto. Wale wawili wakasimama katikati ya barabara, wakatazamana. Shoka akaangalia saa: dakika nne na nusu.

"Zimamoto wako wapi?"

"Mama."

"Nauliza tu."

Kisha akaja pacha wa yule msichana. Huyu hakuwa na nguvu yoyote. Misimu yote mitatu alikuwa mtu wa mizaha na wa kubebea wenzake mabegi. Alishikilia mlango wa shule usianguke ili wengine watoke, na kwa mkono wa pili akampigia mama yake simu, akasema atachelewa kidogo. Mama akamwambia asisahau mkate.

Shoka alifungua kinywa aseme jambo kali kuhusu ule mkate. Hakikutoka kitu. Binti alikuwa analia taratibu, uso ndani ya mto, naye Shoka akaitazama dari kwa makini kama fundi anayetafuta mahali panapovuja.

Jumapili alitoa nyota nne. Mhariri akampigia simu kumuuliza kama anaumwa. Jumatatu uhakiki ukatoka, ukurasa wa kumi na nne, na ndani yake sentensi ambayo Shoka aliiona bora kuliko zote alizoandika kwa miaka mingi: "Pacha anapokufa ameushikilia mlango, binti yangu, aliyeketi kando yangu, alilia, na mimi nilikosa neno la kejeli."

Jioni binti alirudi, akatua begi sakafuni.

"Mama, umeandika kwamba pacha anakufa."

"Kwani hafi?"

"Anakufa. Lakini hakuna aliyekuwa anajua. Halafu ukaandika kwamba mimi nilikuwepo." Sauti ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha Shoka zaidi. "Leo nimekula peke yangu. Hata mwalimu wa jiografia kaninunia. Kumbe naye alikuwa anangoja wikendi."

Usiku huo maneno matatu yalipungua yakabaki mawili.

Asubuhi Shoka alikwenda kazini kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: kuomba gazeti limwombee radhi. Mhariri alimpeleka kwa msahihishaji, mzee makini aliyeamini kwamba radhi haijawa radhi mpaka kosa litajwe lote. Jumatano tangazo likatoka ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku:

"Jumatatu tulifichua kwamba katika sehemu ya mwisho ya *Darasa la Radi* pacha wa shujaa anakufa ameshikilia mlango wa shule. Aidha, mwalimu mkuu ndiye adui. Tunawaomba radhi wasomaji waliokuwa hawajajua."

Ukurasa wa pili husomwa na watu wengi kuliko wa kumi na nne. Shoka aliusoma kasimama jikoni, akampa binti yake. Binti akausoma mara mbili. Mabega yakaanza kutikisika. Mama akadhani ni kilio, mpaka aliposikia kicheko.

"Ya mwalimu mkuu wewe hukuandika."

"Sikuandika. Yule mzee ni mtu wa kukamilisha kazi."

"Basi sasa watalichukia gazeti zima. Mimi nimepona."

Jumamosi wanafunzi wenzake sita walijaa kwenye kochi kutazama mwisho ambao kila mmoja aliujua, na ilipofika zamu ya pacha wakalia wote vilevile. Shoka aliruhusiwa kukaa nyuma, kwa sharti kwamba kalamu aiache chumbani.