Shingo ya Mwanamke wa Dirishani

Baada ya kumzika mumewe, Stan, Dorothea Wisniewski alizichukia Jumanne kuliko siku zote, kwa kuwa ndizo walizokuwa wakitoka pamoja. Akaomba ruhusa ya kunakili picha kila Jumanne katika jumba la sanaa mjini Buffalo. Alichagua moja: mwanamke amekaa dirishani, amewapa watu mgongo, kazi ya Hobart Lindell, mchoraji aliyekufa zamani.

Dirisha lilimtii, nywele zikamtii. Shingo ikamshinda. Kila alipoipaka rangi ya ngozi ilitoka kama nta, akaifuta, akaanza upya. Theluji ikayeyuka huko nje naye bado yuko shingoni.

"Vipi, Bi Dorothea, leo mmepatana?" Cleophus, mlinzi wa chumba kile, alimtania.

"Ameninunia."

"Umemchokoza mno. Mwache apumue!"

Mara nyingi hayo ndiyo maneno pekee aliyosemeshwa mchana kutwa.

Jumanne moja jua likapenya, na pichani mwa Lindell, kwenye ukingo wa ukosi wa gauni, akaona kijani hafifu kikichungulia chini ya wekundu. Kumbe Lindell alianza na kijani, akakiacha kikauke, ndipo akakifunika kwa rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka! Dorothea akapaka kijani chake, akarudi nyumbani mbiombio.

"Stan! Nimeipata!" akaita mlangoni.

Nyumba ikanyamaza. Akavua viatu polepole.

Wiki iliyofuata alikuta ukuta mtupu.

"Wameipeleka Toronto kwenye maonyesho," Cleophus alisema. "Nilidhani wamekuambia."

"Nani aniambie mimi?"

Cleophus akajikuna kidevu. "Basi malizia hapa hapa. Ukuta hauna mwenyewe."

Akamalizia mbele ya ukuta. Kijani kilikuwa kimekauka. Akakifunika kwa wekundu mwembamba, Jumanne baada ya Jumanne, na ngozi ikaanza kuwa na damu. Mkono ulikwenda bila kusitasita. Alipoweka brashi chini, Cleophus alisogea, akatazama kwa muda.

"Imetoka, haki ya Mungu. Ila shingo hii nene kwa mwanamke."

Dorothea akaitazama. Aliijua. Miaka yote ya ndoa aliinyoa shingo ile jikoni, Stan akilalamika kwamba wembe ni wa baridi.

"Utairekebisha?"

"Hapana."

Akapanda basi na picha yenye rangi mbichi, ameishikilia mbele yake isiguse makoti ya watu. Hakuna aliyemuuliza yule pichani ni nani.