Shahidi Wangu Babu Anselmo

Mimi sipendi kushindwa, na nasema mapema ili mtu asije akashangaa. Darasa la sita pale shuleni kwetu Ukonga tuko mia moja na kumi na wawili, na katika hao wote sijaona wa kunishinda kuongea. Mwalimu Kokuberwa alipotangaza mdahalo wa Ijumaa, shule ya zamani dhidi ya shule ya sasa, alisema msemaji mkuu wa upande utakaoshinda ndiye atakayetuwakilisha kwenye mashindano ya shule kule Pugu. Nikaanza kuwaza nitavaa soksi zipi.

Kisha akanipanga upande wa zamani. Rogers, mtoto anayejua kila kitu kasoro kunyamaza, akapewa wa sasa. Nilinuna mpaka kengele ya kutoka. Mwalimu akaongeza kwamba kila upande ulete shahidi kutoka nyumbani, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mama, na Babu Anselmo, baba yake mama. Mama anawahi kazini kila siku, kwa hiyo shahidi alibaki kuwa Babu, mchonga vinyago aliyekuja Dar kutoka Newala akiwa kijana. Nampenda Babu. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu: niliamini Babu hajui kusoma. Kila jioni hukaa barazani na gazeti amelishika juu chini, midomo inacheza, anatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari nzito. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake, ananipa mimi nimsomee. Wageni wakibisha hodi, nilikuwa nakimbia kumpokonya lile gazeti, nasingizia kwamba nimeagizwa na mwalimu, ili wasimwone. Nilimwonea aibu, na nilijichukia kwa kumwonea aibu.

Nilimwomba aje kusimulia. Nilirudia mara tatu kwamba ni kusimulia tu. Akanyoa ndevu, akavaa shati lake la kanisani.

Ijumaa darasa zima lilisimama kumwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyefika kwake. Mezani Mwalimu alikuwa ameweka kitabu cha kusomea cha zamani, kurasa za manjano, jalada hakuna, ili watu wakione. Sikukipenda kitabu kile tangu nilipokitia machoni.

Rogers alianza. Alisifu uji wa saa nne, kitabu kimoja kwa watu wawili, na matokeo yanayoonekana kwenye simu. Shahidi wake, shangazi yake aliye karani, alikazia vizuri, wakapigiwa makofi. Zamu yangu ilipofika nikaeleza mchakamchaka, bustani ya shule, na hesabu zilizopigwa kichwani bila kikokotoo. Babu akasimulia walivyofagia uwanja kwa chelewa huku wakiimba, na siku mbuzi wa mwalimu mkuu alipokula madaftari ya mtihani, na darasa zima likamshukuru mbuzi. Watu walicheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Tulikuwa tunashinda, niliiona Pugu ile pale.

Ndipo Rogers akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama shule ya zamani ilikuwa bora, babu atusomee ukurasa mmoja tu."

Nilisimama kabla sijafikiri, nikasema Babu amesahau miwani nyumbani. Babu alinitazama kwa mshangao, akaitoa miwani kwenye mfuko wa shati.

Akakivuta kitabu pale mezani, akakigeuza juu chini. Mtu akacheka nyuma. Rogers akasogea kwa heshima zote, akamgeuzia sawa. Babu akamshukuru, akakirudisha juu chini. Sasa darasa lote likaangua kicheko, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, tumeshindwa," nikasema. "Upande wetu unakubali. Naomba babu akae."

Babu hakukaa. Aliweka kidole kwenye ukurasa, akaanza kusoma habari ya bwana mmoja mfuga nyuki, polepole kwanza, kisha sauti ikatulia kama ya mtangazaji wa redio, anapumzika panapostahili kupumzika. Rogers alikuwa bado amesimama mbele yake, na upande wake maneno yalikaa sawasawa. Akawa anafuatisha kwa macho, akitafuta kosa. Ukurasa uliisha bila yeye kulipata.

"Kule kwetu kitabu kilikuwa kimoja, sie watano," Babu akasema. "Kiranja wetu Kondo ndo alikuwaga anakishika. Wenzangu wanakaa ubavuni kwake, mie nafasi yangu ilikuwa mbele yake. Ubaoni nasoma kama nyie. Kitabu nakisoma toka upande wangu."

Mwalimu akamuuliza kama hakuomba kubadilishana nafasi. Akajibu kwamba aliomba, akapewa alipofika darasa la nne, akaona herufi zote zimepinduka. Kilichomshinda kabisa, akasema, ni simu, maana akiigeuza na yenyewe inajigeuza.

Walimpigia makofi kuliko shangazi karani. Lakini Mwalimu Kokuberwa ni mtu wa sheria. Msemaji mkuu akitamka kwamba ameshindwa, ameshindwa. Kwa hiyo Pugu anakwenda Rogers, na aliyempeleka ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Tulirudi nyumbani. Babu alitoa gazeti lake, akakaa barazani, akaniuliza bila kunitazama.

"Editha, ulidhani babu yako hajui kusoma?"

"Ndiyo, babu."

"Tangu lini?"

"Siku zote. Naomba unisamehe."

Iliniuma kuliko Pugu. Ningeweza kumuuliza siku yoyote, na muda wa kuongea sijawahi kukosa. Babu akalitandaza gazeti kwenye meza ndogo kati yetu. Kwake lilikuwa juu chini. Kwangu lilikuwa limekaa sawa.

"Sogeza kigoda," akasema. "Hapo ndo alipokuwaga anakaa Kondo."

Nikasogea, tukaanza kusoma.